Daftari la Mwalimu Kasmiri

Asubuhi ile ya Aprili 1983, kwenye benchi la kahawa pale Kitaji, Musoma, walikuwapo watu wanne. Alikuwapo Mwalimu Kasmiri Nyamhanga, mstaafu. Alikuwapo Pastory Masatu, aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimiki. Alikuwapo Bernado Ryoba, fundi baiskeli, aliyeitwa Injinia. Na alikuwapo Eufrasia Boke, mwenye birika. Kahawa ilikuwa haina sukari. Sukari na sabuni zilikuwa zimeadimika, wenye nazo walizificha, na msako wa walanguzi ulikuwa umeanza. Mwalimu alibana daftari kwapani, na kikombe kilikuwa kikimpoa mkononi.

— Mwalimu, mchezo wako utatumaliza, alisema Redio.

— Ni mchezo wa kusoma tu. Mtoto anataja kitu cha kwao, namwandikia neno hilo kwenye kipande cha boksi, anakwenda kulibandika palepale kitu kilipo. Wenzake wanapita nyumba kwa nyumba wakisoma. Wiki tatu tu, watoto kumi na tisa wanasoma.

— Ndiyo hiyo hatari! Marcelina kabandika SABUNI kwenye kitanda cha baba yake, Florian. Watoto wameisoma kwa sauti mtaa mzima, kama kwaya ya Pasaka!

— Na kwangu? aliuliza Eufrasia.

— Kwako, mama, ni MLANGO na KUKU.

— Asante Mungu.

Injinia alisogea.

— Mimi nimesikia mgambo wanakujaga na mbwa wa kunusa sabuni.

— Watanusa nini, nawe hujaogea sabuni tangu Krismasi?

— Cheka tu, Eufrasia. Kule Guta, mbwa alinusa jiwe la kufulia, mwenye jiwe akabebwa.

— Mbwa wa nini, alisema Redio, na Mwalimu keshaandika kila kitu? Fungua hilo daftari tuone.

Mwalimu alifungua. Jina la mtoto, jina la baba, neno, tarehe. Alifundishwa tangu ujana kwamba shule bila orodha si shule. Ukurasa wa pili, kwa mwandiko wake mzuri: Marcelina, Florian Nyamburi, SABUNI. 

— Hiyo si orodha, mzee wangu, alisema Redio. Ni stoo ya Kitaji nzima. Mimi nimewagongea watu tangu alfajiri. Florian nimemwambia kwa mdomo wangu: lori la mgambo linakuja huku!

Eufrasia aliondoa birika kwenye jiko la mkaa. Mwalimu alichana ukurasa mmoja, akauweka kwenye mkaa. Akachana wa pili. Alikuwa amefika jina la kumi na moja Susana, jirani yake Florian, alipotokea upande wa ziwani, miguu imelowa.

— Lori la mgambo limepita moja kwa moja kwenda Bunda, alisema. Halikusimama. Nani alimwambia Florian wanakuja Kitaji?

Redio aliangalia kikombe chake. 

Florian Nyamburi alikuwa amepakia maboksi ya sabuni kwenye mtumbwi akayazamishe. Mtumbwi ulipinduka karibu na mawe, akafa maji.