Mama Pacha, Mteja Wangu Mwaminifu

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa hospitali yetu, Bibi Mkunga Mkuu wa wodi ya wazazi, viongozi wa idara zote, ndugu zangu wa chumba cha kufulia, ambao mume wangu amekaa nanyi kwenye mvuke zaidi ya alivyokaa nami sebuleni, na wageni wote mlioalikwa: amani ya Mungu iwe juu yenu.

Nimeombwa niseme machache kuhusu mume wangu, Bwana Pasi kama mnavyomwita, anayestaafu leo. Shule yangu ni fupi na hotuba sijazoea, kwa hiyo nitawasimulia jambo la nyumbani, naye atanisamehe. Naona ameshaanza kuangalia viatu vyake.

Magoti yaliponikataza kusimama kiwandani, nilianza kufuma kofia za watoto wachanga na kuziuza mtandaoni. Binti yetu alinifungulia duka kwenye simu, akanionyesha pa kubonyeza. Nilifurahi kama niliyepewa ufunguo wa duka la mjini. Lakini kumbe kila mteja anapolipa, kampuni inayopitisha malipo hukata ada yake: kipande kulingana na bei, na kipande kingine kisichobadilika, hata ukiuza kitu kidogo namna gani. Kwa muuza friji, kipande hicho ni vumbi. Kwa muuza kofia inayoenea kwenye kiganja, je, si ndiyo faida yenyewe?

Nikaona nimbebeshe mteja. Nikaweka ada mwishoni kabisa, baada ya mtu kuchagua rangi na kuandika anwani. Wateja wakawa wanafika mlangoni na kugeuka. Mama mmoja mjamzito aliniandikia: "Mama, kofia naitaka, ila hiyo ada ya mwisho imenivunja moyo. Kwani nalipia kofia, au nalipia kulipa?" Naye pia alikuwa anahesabu senti zake, kama mimi.

Nikamwomba Mungu anionyeshe kama nifunge duka. Ndugu zangu, lile duka halikuwa fedha tu. Ndilo lililonifanya niamke asubuhi nikijua kuna mtu ananingoja.

Basi akabaki mteja mmoja asiyechoka. Jina lake Mama Pacha, na mzigo wake ulikuwa unaletwa hapa hapa hospitalini, kwa dada wa mapokezi. Nikamwambia mume wangu, "Baba, huko kwenu nina mteja. Ukimwona Mama Pacha, msalimie sana."

Akajibu bila kupepesa, "Salamu zitafika."

Mnacheka! Dada wa mapokezi, wewe ndiye unacheka kuliko wote, na ulikuwa ukipokea!

Siku moja niligundua nimemtumia Mama Pacha kofia iliyofumuka ukingoni. Hakulalamika. Dhamiri ikanisuta, nikaamua nimrudishie fedha zake. Ilikuwa Jumapili, tumetoka ibadani, mume wangu anapiga pasi shati. Nikabonyeza. Papo hapo simu yake iliyokuwa dirishani ikalia. Nikaichukua nimpelekee, macho yakaangukia ujumbe: umerudishiwa fedha za kofia moja.

Nikamwita taratibu, "Mama Pacha."

Akaitika! Wallahi, akaitika: "Naam?"

"Shati lako linaungua."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Kisha kicheko kikaniishia, nikalia. Nikamuuliza, "Kwa nini hukunipa hizo fedha mkononi?" Akasema, "Ungezipokea?" Nisingepokea, na yeye alijua. Nikamuuliza tena, "Na kofia zote zile ziko wapi?" Akasema, "Vichwani."

Bibi Mkunga, wewe ndiye unayejua. Kila mama aliyejifungua hapa bila kitu cha kumfunika mwanawe, kofia ilimfikia, ikiwa imekunjwa juu ya mashuka safi, na hakuna aliyeambiwa imetoka wapi.

Ila uchungu ulibaki mmoja. Bei ya kofia ilirudi, ada haikurudi. Miezi yote ile fedha ilitoka mfuko wake ikaingia mfuko wangu, nyumba ile ile, kitanda kile kile, na kila ilipopita ilimegwa. Nikamwambia, "Baba, hata mapenzi yetu yanakatwa ada!" Siilaumu kampuni, nayo ina wafanyakazi, na hulinda fedha za watu dhidi ya wezi. Lakini ningepata kukaa na wakubwa wake, ningewaambia kwa upole: mnapopanga kile kipande kisichobadilika, mkumbukeni anayeuza kidogo na anayenunua kidogo, maana wao ndio kinaowauma.

Tukakaa mezani, tukafikiri pamoja kwa mara ya kwanza. Tukaanza kuuza kofia, soksi na shuka dogo katika furushi moja, ili ada ikatwe mara moja; na bei tukaiandika mwanzoni ikiwa imekamilika, asishtukizwe mtu. Yule mama mjamzito akarudi, akaniletea na wifi yake. Kofia za wodini nazo nikawa nampa mume wangu mkononi, abebe mwenyewe.

Juzi aliniuliza, akijifanya anatania, "Sasa Mama Pacha hana mshahara tena. Duka litasimama lenyewe?" Nilimwona jinsi alivyoogopa jibu. Miezi yote ile alinishikilia kwa siri, akidhani akiniachia nitaanguka.

Mume wangu, simama watu wakuone. Nakujibu mbele ya wenzako: duka limesimama lenyewe. Mwezi huu mzima wamenunua watu nisiowajua, na wewe hukununua hata moja, nimeangalia. Nenda kapumzike. Huna tena haja ya kujificha ili unipende.

Mheshimiwa Mganga Mkuu na ninyi nyote, Mungu awalipe kwa kumtunzia siri na kwa kunitunzia yeye. Nashukuru mmenipa masikio yenu.