Kwa Nini Jogoo wa Rafiki Yake Gosse Hawiki

Karibu na lango la maji la Makkum, mji mdogo wa Uholanzi kando ya ziwa, pale ukuta wa karakana ya boti unapokinga upepo, kuna benchi ambalo mji mzima unaliita Benchi la Waongo, na wanaolikalia hawajawahi kulichukia jina hilo. Asubuhi nyingi utawakuta watatu wale wale. Hylke, fundi injini, wanamwita Plagi. Douwe, dereva wa basi mstaafu, wanamwita Redio kwa sababu hazimiki. Wa tatu ni Gosse, mshona matanga, mtu wa miaka hamsini na ushee, na yeye jina lake ni Kimya. Siku hiyo, kahawa ya kwanza haijapoa, Kimya ndiye aliyeanza kusema. Alikuwa akiyapanga maneno tangu alipoamka na kukuta mkewe Aukje amehamia chumba cha wageni.

— Nina rafiki yangu, alisema huku akitazama maji. Wa kule mjini Sneek. Jogoo wake hawiki.

— Kwani anafuga? Redio aliuliza.

— Wewe Redio! Plagi akamkatiza. Jogoo! Yule jogoo!

— Ahaa. Masikini. Tangu lini?

— Tangu kabla ya Krismasi. Na hamu yenyewe imemtoka. Mke akimgusa bega, jamaa anajifanya amelala.

— Wa rika gani?

— Rika letu.

Plagi aliweka kikombe chini. Mambo ya mitambo yalikuwa yake.

— Sikilizeni. Mwili ni mabomba na presha, basi. Huyo ni siti ya baiskeli. Siti nyembamba inabana mshipa, damu haifiki, injini inakohoa tu. Mwambie abadilishe siti.

— Haendeshi baiskeli, Gosse alisema haraka.

— Mtu wa Sneek haendeshi baiskeli? Basi huyo anaumwa kuliko tunavyodhani.

— Achana na baiskeli, Redio alisema. Ni maji. Wanawake wanameza vidonge vya kuzuia mimba, wanakojoa, mkojo unasafishwa nusunusu, unarudi bombani, sisi tunachemshia kahawa. Mnajua samaki wa ziwani madume wanataga mayai?

— Nani kakwambia?

— Nilimsikia abiria.

— Na hii kahawa umeichemsha kwa maji gani?

— Mkate wa sukari umebaki? Redio aliuliza, akajikatia kipande kinene.

Gosse alicheka. Alikuja pale akitaka kusikia neno moja la kumtuliza, na sasa alijikuta anataka kujua kweli. Kila walichokitaja alikipima kimyakimya kwenye mwili wake. Maji anakunywa. Baiskeli anaendesha. Na sigara, ambazo hawajazitaja, anavuta, tena zaidi tangu mama yake alipofariki.

— Pipi nyeusi za chumvi, Plagi akaja na jingine. Zile tunazotafuna tangu utotoni. Zinaua homoni za kiume. Mjomba wangu alikuwa anamaliza mfuko mzima kila jioni, na hakupata mtoto.

— Mjomba wako hakuwa na mke, Plagi.

— Unaona sasa! Hata hamu ya kutafuta mke hakuwa nayo!

— Mimi nawaambia ni mitambo ya upepo, Redio alisema, akaelekeza kidole ziwani mabawa yalikozunguka. Inatoa mtetemo usiosikika. Unapita ardhini, unapanda kwenye miguu ya kitanda, unafika pale pale. Fahali wa shemeji yangu amegoma kabisa tangu waisimamishe.

— Fahali wa shemeji yako ana miaka mingapi?

— Ni mzee kidogo. Lakini mzee wa nguvu!

— Na vidonge vya presha je? Gosse aliuliza.

Wote wawili walimgeukia.

— Anavimeza?

— Nadhani. Tangu majani yalipoanza kudondoka. Na ana mawazo. Kazi imepungua, watu wanaagiza matanga kiwandani. Tena amefiwa.

— Unamfahamu vizuri sana huyo rafiki, Redio alisema taratibu.

Hapo ndipo aliposimama mbele yao Berend, bwana mnene aliyehamia kutoka mkoa wa Drenthe baridi ilipoisha, boti yake ikiwa ndani ya karakana inapakwa rangi. Aliomba kukaa, wakampisha nafasi. Plagi akammiminia kahawa na kumweleza kisa chote: jogoo, siti, maji, pipi, mtetemo. Berend alisikiliza kwa heshima hadi mwisho.

— Samahanini, alisema. Mimi mgeni. Lakini nyinyi mmeyajuaje yote haya?

Gosse akaitazama baiskeli ya Plagi iliyoegemea ukuta. Siti yake ilikuwa mpya, pana, yenye mfereji katikati. Akaitazama chupa ya maji ya dukani kando ya Redio, mtu ambaye kwa ubahili hanunui hata gazeti. Plagi alikuwa akichokonoa kucha. Redio, kwa mara ya kwanza katika maisha ya benchi lile, alikuwa amezimika.

— Huyo rafiki ni mimi, Gosse alisema.

— Tunajua, kaka, Redio alijibu. Sneek huna mtu.

— Siti haisaidii, Plagi alisema, macho chini. Nakwambia ili usiharibu hela.

— Hata maji, Redio akaongeza.

Gosse akamwaga kahawa yake majini, akaondoka kwenda nyumbani.

Aukje alikuwa jikoni anamenya viazi. Gosse alimwambia akiwa wima, koti bado mwilini: mwili umegoma, hajui kwa nini, anaona aibu, na anajifanya amelala kwa sababu anaogopa kujaribu ashindwe tena. Aukje akaweka kisu mezani.

— Ni hilo tu?

— Hilo tu? Aukje, miezi yote hii!

— Mimi nilidhani una mwanamke. Nimeshampa na jina.

— Jina gani?

— Marloes. Mrefu, ana meno mazuri. Namchukia sana.

Gosse alikaa chini, akacheka hadi machozi yakamtoka, na machozi yalipoanza hayakukoma mara moja. Aukje alimshika kichwa, akakilaza tumboni mwake. Kisha akapiga simu kwa daktari. Mapokezi wakauliza shida ni nini. Aukje akafungua mdomo, akasita, akamtazama mumewe.

Gosse akanyoosha mkono, akachukua simu.

— Mgonjwa ni mimi, alisema, na akaeleza yote, pamoja na vidonge, sigara na msiba, neno kwa neno, mpaka mwisho.