Kolekole Aliyepanda Mgongo wa Taa

Nilikuwa nawaonyesha tu. Fimbo ya kuvulia niliyozawadiwa na wageni niliowapikia safari iliyopita ni ndefu na nyembamba, na mwishoni mwa uzi hakuna chambo cha ngisi, bali ndoano iliyofungwa manyoya. Uzi hupigwa nyuma, mbele, nyuma, mbele, ukicheza hewani, kisha huachiwa utue. Nyuma ulikwenda vizuri. Mbele ulirudi na kofia ya Ami Mwidani, ambaye ndiyo kwanza alikuwa akitoka kuswali alasiri. Kofia ilipita juu ya benchi letu la Likoni, ikaliruka dele la kahawa, ikatumbukia kwenye ndoo ya Hassan ya kuoshea vikombe. Ami akabaki kichwa wazi barabarani, upara ukimeta, na kina mama wa viazi karai wakatazama kwengine kwa heshima. Miaka ishirini na mbili nimepika melini, bandari nilizotia nanga sizihesabu, na bado sijajifunza kutazama nyuma yangu.

— Shikamoo, ami.

— Marahaba. Kofia yangu.

— Naichomoa ndoano, ami. Dakika moja. Nikivuta kwa nguvu nitaipasua.

Akaketi mwisho wa benchi, akapokea kikombe, akaipuliza kahawa. Hassan muuza kahawa hanyamazi.

— Sufuria — hilo ndilo jina langu kijiweni — wiki tatu baharini na wazungu, na samaki wako wa kwanza ni Ami?

— Na atamwachilia, akadakia Odhiambo, fundi wa kuchomea mageti, tumwitaye Welda. Si ndivyo walikuwa wakifanya? Unamshika samaki, unapiga naye picha, unamrudisha majini. Buda, huo ni uvuvi ama ni uchumba?

— Wana busara, akasema Hassan. Wahenga walinena, samaki mmoja akioza, wote wameoza. Wamrudisha ili wenziwe wasioze.

— Nyinyi mwataka hadithi au mwataka kelele? nikauliza. Safari ilikuwa ya kupeleleza. Visiwa vya mbali, siku tatu kwa meli. Hakuna mtu, hakuna duka, ndege tu na kaa. Wageni sita walitaka kujua kama kuna kolekole wakubwa. Walikuja na ramani zilizopigwa kutoka angani, na siku nne hawakupata hata kibua. Siku ya tano nikamwambia mkubwa wao: kwetu kuna mzee asema, ukimtaka kolekole, mfuate taa.

Benchi lote likaangua kicheko. Ami Mwidani alitazama kikombe chake.

Cheko hilo lina miaka thelathini. Ami, alipokuwa kijana, alizamia majongoo ya bahari katika visiwa hivyo hivyo. Aliporudi akasema ameona kolekole wakitembea na taa, yule samaki mpana mwenye mkia wa mjeledi, wamemganda mgongoni kama waliopanda gari. Tangu siku hiyo Likoni nzima yamwita Abiria. Bintiye alipoolewa, watani waliimba "abiria kashuka." Wajukuu wake waulizwa nauli shuleni. Yeye aliacha zamani kujitetea.

— Ukawauzia wazungu maneno ya Abiria! Welda alijipangusa machozi.

— Maji yakaanza kujaa juu ya mchanga, nikaendelea. Akaja taa, mpana kama sinia la harusi. Na juu yake, kivuli cheusi.

— Mawingu, akasema Hassan.

— Kolekole! Taa afukua mchanga, kaa na kamba watoka mbio, na bwana mkubwa huyu awadaka mmoja mmoja. Mgeni akarusha manyoya, haya haya yaliyo kofiani. Kolekole akayabugia. Nusu saa ya vita! Alipoinuliwa, mkia wake ulikuwa magotini kwangu na kichwa kidevuni.

— Zii, mimi najua ni nini, akasema Welda. Taa ana stima. Huyo samaki alikuwa anachaji.

— Stima gani majini? akasema Hassan. Ni uvivu. Mchumia juani hulia kivulini, na kivuli chake ni taa.

— Basi taa ni gari la serikali, na kolekole ni mkubwa wa ofisi.

— Kisiwa hakina watu, Welda. Fikiri. Yule ni jini, na taa ni jamvi lake la kusafiria! Sufuria, picha i wapi?

— Za wageni wameondoka nazo. Simu yangu ilikuwa mfukoni. Niliruka majini kushangilia.

— Ahaa! Basi apa.

Hapo pana jambo. Nimewahi kuwaambia nilipikia wali manowari nzima kwa kijiko kimoja, na kwamba huko Karachi niliposwa na mwanamke mwenye meli. Kila Hassan anaponiambia niape, mimi humjibu, "Kunywa kahawa." Namcha Mungu kuliko ninavyoogopa kuchekwa, na kijiwe chote chajua. Kikombe cha Ami Mwidani kilikuwa kimesimama katikati ya njia, hakijafika mdomoni.

Nikaiweka kofia mapajani.

— Wallahi, nimemwona. Kama alivyosema Ami, vile vile. Na hakuwa mmoja. Walikuwa saba.

Hakuna aliyecheka. Welda alivua miwani yake ya kazi.

— Na mkubwa wa wageni, nikaendelea, aliniuliza jina la mzee, herufi moja moja, akaliandika. Mlango wa maji tulipowaona, katika ramani yao, sasa waitwa Mwidani.

Nyuma yetu alikuwa amesimama Pascalia, muuguzi, mpangaji mpya wa mtaa, akisubiri chupa yake ijazwe kahawa.

— Samahani, mimi ni mgeni hapa, akasema. Hii miaka thelathini mliyocheka, kuna hata mmoja wenu aliyeenda kuangalia?

Hassan alichungulia ndani ya dele. Lilikuwa tupu. Welda alilitazama geti alilokuwa akilichomea ng'ambo ya barabara kana kwamba limemwita.

— Ami, akasema Welda, tumekukosea. Sema chochote. Tutukane, ni haki yako.

Ami Mwidani alinyoosha mkono kwangu.

— Kofia yangu. Na hiyo ndoano ya kolekole iache papo hapo.