Bi. Chomoa Aaga Chumba cha Ruta

Ijumaa tarehe 30 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Bi. Chomoa atarudisha funguo za chumba cha ruta, baada ya kuitumikia Mamlaka yetu ya Maji kwa miaka thelathini na mmoja na miezi miwili. Kwenye barua ya kustaafu ana jina refu na zuri, lakini ukilitaja getini walinzi watakwambia mtu huyo hawamjui.

Aliajiriwa kupokea simu. Vituo vya pampu vilipoanza kuunganishwa kwa kompyuta, akapelekwa kozi ya mitandao kwa sababu wengine wote walikuwa na udhuru. Alirudi na daftari moja na imani moja: usiseme mtandao unafanya kazi mpaka uchomoe waya uone kama utajitafutia njia nyingine. Siku ya uzinduzi, mkurugenzi wa wakati huo akiwa katikati ya hotuba, mama huyu akachomoa waya. Picha ya hotuba iliyokuwa ikirushwa vituoni iliganda huku mkurugenzi ameachama mdomo. Jina likapatikana hapohapo.

Kwa wenzetu wa mabomba na ankara, ruta ni kile kisanduku chenye taa kinachoamua taarifa zipite wapi, na itifaki ni kanuni ambazo visanduku hivyo hufuata kupashana habari za njia. Bi. Chomoa alitumia RIP, itifaki kongwe isiyo na makuu. Hiyo huhesabu ruta zilizopo njiani tu. Njia yenye ruta chache ndiyo bora kwake, hata kama ni nyembamba kama uzi. Alisanidi vituo kumi na vitano, yaani kuzipangia ruta zake kanuni hizo, kwa mkono wake, kimoja baada ya kingine. Mumewe, fundi cherehani, naye hakutaka kubaki nyuma. Alishona vifuniko vya kitambaa vya kukinga ruta na vumbi, vyenye darizi ya namba ya kituo. Vilipendeza mno. Kufikia adhuhuri ruta tatu zilikuwa zimezidiwa na joto na kuzimika, na hadi leo vifuniko hivyo ndivyo tunavyokalia kwenye viti vya ofisi.

Kisha kikaja kituo cha kumi na sita. Mwandishi wa maneno haya, aliyekuwa ameajiriwa mwaka huo akiwa msaidizi wake, alikwenda naye kukiunganisha. Walibadilisha waya, wakabadilisha ruta, wakapanda mnarani kugeuza antena, siku mbili nzima, na kituo hakionekani makao makuu. Siku ya pili mchana mama akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akacheka mpaka akatoa machozi. RIP huhesabu mpaka ruta kumi na tano. Ya kumi na sita njiani, kama ya kituo kile, kwake haifikiki. Tulikuwa tumemtibu mgonjwa asiyeumwa.

Mzozo ukaanzia hapo. Msaidizi alitaka vituo vyote vihamie OSPF, itifaki ambayo kwayo kila ruta huwa na ramani nzima ya mtandao na kupima upana wa njia. Mama alisema kufunga redio moja ya mawasiliano ya kufupisha njia kutatosha, na ruta zake zisiguswe. Walibishana kwenye ngazi, kwenye gari, kwenye foleni ya chai, mpaka dereva akaomba wawe wanafungua redio ya muziki.

Mkurugenzi akaamua yafanyike mashindano, akatamka mbele ya wote kwamba kiti cha mkuu wa kitengo kitakwenda kwa mwenye itifaki itakayoshinda. Tuseme ukweli, mama alikipenda kiti kile. Alikipata baada ya miaka ishirini, na ofisi yenye dirisha, na binti yake alikuwa amempiga picha akiwa amekikalia.

Ruta nne kila upande zikapangwa kwenye meza ya mikutano, pamoja na redio ndogo za kuziunganisha. Dereva akashika saa. Msaidizi ndiye aliyepanga jaribio: waya ulio mgongoni mwa ruta ukachomolewa. OSPF ikapata njia nyingine kwa sekunde sita, RIP kwa kumi na tisa. Mkurugenzi akasema sekunde kumi na tatu si sababu ya kuvuruga vituo kumi na sita, tubaki na ya zamani. Akaanza kukusanya karatasi zake. Msaidizi aliinamisha kichwa. Alikuwa ameshindwa, na alijua.

Mama akasema bado. Alisema jaribio lile halikuwa la haki, kwa kuwa huko vituoni kinachokatika si waya wa mgongoni, ni mawasiliano ya ng'ambo ya redio, na hapo ruta huuona waya wake mzima, ikaendelea kumwaga taarifa shimoni. Akawakumbusha kuhusu tenki namba tisa, lililofurika kwa dakika tatu na ushei kwa sababu amri ya kuzima pampu haikufika. Maji yaliingia uani kwa jirani na kuzibeba nguo zote alizokuwa ameanika. Maji yakimwagika hayazoleki. Mama alikwenda mwenyewe kuomba radhi, akakaa na yule jirani wakazifua upya. Akasema jirani yule hajui itifaki, ila ana haki ya kulala pakavu.

Kisha akachomoa waya wa redio ya ng'ambo kwa mkono wake mwenyewe. OSPF ilirudi kwa sekunde arobaini na moja. RIP tuliisubiri, tukasubiri tena, mtu akakohoa. Dakika tatu na sekunde kumi na moja. Dereva akanong'ona kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Jioni ile mama aliandika ripoti ya ukurasa mmoja, akapendekeza OSPF, akapendekeza na jina la mkuu mpya. Siku ya pili yake alikuja na daftari jipya, akavuta kiti akaketi mbele ya msaidizi wake wa jana, akaomba aanzishiwe somo.

Vituo vyote kumi na sita vilihama ndani ya wiki tano, na yeye alisanidi tisa. Tenki namba tisa halijafurika tena. Sasa anakwenda nyumbani kwa mumewe na wajukuu wanne. Tunamshukuru kwa niaba ya kila bomba linalotoa maji kwa wakati.

Mwandishi ana la mwisho, na hili halisemi kwa niaba ya mtu. Mama, mimi ndiye niliyekalia kiti chako. Kwa miaka tisa umeniita mkuu bila kejeli hata siku moja, na kila asubuhi nimepanga kukwambia nikaona haya. Siku ile ungenyamaza tu, kingebaki chako. Ahsante. Nenda salama, upumzike, uwe na afya na furaha tele.