Wambui Aliposema Cheki

Ndugu zangu, Bwana aliniokoa siku ambayo binti yangu wa miaka saba alinilia malkia kwenye mchezo wa chesi. Asifiwe Mungu wa mbinguni! Wacha nirudi nyuma kidogo.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Kiganjo, Thika. Pombe ilinifunga miaka mingi. Mke wangu alichoka, akamchukua Wambui wakahamia kwa dada yake kule Ruiru. Tukakubaliana mtoto aje kwangu kila Jumamosi mchana, kwa sharti moja: siku nitakayopatikana nimelewa ndiyo itakuwa ya mwisho.

Wambui alikuja na chesi aliyofundishwa shuleni. Mfalme mweupe alikuwa amepotea. Akaokota kifuniko cha chupa chini ya kiti changu, akakiweka mahali pa mfalme. "Huyu ni wewe, Baba." Ndugu zangu, nilicheka!

Jumamosi moja nilikunywa kabla hajafika, nikatafuna peremende ya minti. Tulicheza nikiwa nimeinama ili asisikie harufu. Akala malkia wangu. Baada ya muda akaita, "Cheki, Baba!"

Sisi watu wa Thika, cheki ni tazama. Nikainua macho nikamtazama. Jino la mbele halikuwapo! Lilitoka lini? Sikujua.

Akacheka. "Si mimi! Cheki mfalme wako! Ako kwa shida, amebaki na njia moja tu."

Nikaangalia kile kifuniko, machozi yakanitoka. Nikasema, "Yesu, nitoe hapa." Wambui akadhani nalilia mchezo. "Pole, Baba. Nikurudishie malkia?"

Mama yake alipokuja kumchukua, nilimwambia ukweli: nimekunywa leo. Nilijua ninachopoteza. Akasema, "Leo hujanificha. Jumamosi ijayo nitamleta."

Huu ni mwezi wa saba sijaonja. Kwa nguvu zangu? Hapana! Ni Yesu! Ndugu yangu uliyeinamisha kichwa ukificha harufu, inua macho, mwite hapo hapo ulipo. Mimi aliniitikia kwenye meza ya chesi.

Nimechomelea nati tatu zikawa mfalme mpya, lakini Wambui amekataa kutupa kifuniko.

Jumamosi iliyopita Mama Wambui hakusimama mlangoni kama kawaida. Aliingia, akavuta kiti, akauliza farasi huenda vipi. Kuhusu kurudi nyumbani, bado hajasema neno.