Sauti Iliyotoka Ndani ya Majani

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe na nyinyi mliokaa mbele, asifiwe pia na nyinyi wa kule nyuma mnaopenda kujificha karibu na mlango. Mahali hapo napajua. Ndipo nilipokaa miaka yote niliyokuwa na kinywa kisichofunguka.

Mnanijua. Mimi ni Yunuke, Mama Brian, binti wa wale Wakisii waliokuja Kapkatet, huku Kericho, kuchuma chai wakasahau kurudi kwao. Nilizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba, pale ambapo asubuhi ukungu unaingia chini ya mlango bila kubisha. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Siku ya mazishi nilipewa wasifu wake niusome. Nikasimama mbele ya watu na karatasi mkononi, na sauti haikuja. Ndugu zangu, haikuja! Nilisimama hivyo mpaka shangazi akanishika mkono akanikalisha. Tangu siku ile, kila nilipotakiwa kusema mbele ya watu, koo lilijifunga kama duka siku ya Sabato. Shuleni sikurudi. Nikabeba kikapu.

Chai haimuulizi mtu maswali. Ndiyo maana niliipenda. Unachuma majani mawili na chipukizi, unatupa nyuma ya bega, unasonga, na vilima vinasonga pamoja nawe, kijani juu ya kijani, mpaka hujui kama unatembea au unaota. Nilijiambia nitazeekea humo, kimya. Kisha tukasikia kwamba mashine za kuchuma zinaletwa shambani, na mikono yetu haitahitajika tena. Hapo ndipo nilipoogopa. Mtu asiyeweza kuongea mbele ya watu ataombaje kazi nyingine?

Katika hali hiyo Mungu alinitumia chuo. Msicheke! Chuo kikuu chenyewe sijawahi kukiona lango lake, maana kiko mtandaoni. Kinarusha masomo, na mimi nikajiandikisha katika kozi ya malezi na elimu ya watoto wadogo, isiyodai cheti cha sekondari. Nilitia waya wa simu masikioni, simu nikaiweka kwenye mfuko wa aproni, na mihadhara ikatembea nami kati ya mistari ya chai. Mwalimu wetu alikuwa mama mwenye sauti ya taratibu, sauti ya mtu anayemenya chungwa. Alizungumza juu ya mtoto anavyolijua jina lake, anavyotafuta uso wa mama yake, na mimi nikichuma, niliona kama watoto hao wote wamejificha kwenye vichaka vya chai wananichungulia.

Jirani yangu wa mstari, Chebet, alinitania kila siku.

"Profesa wa majani! Leo umefundishwa nini?"

Nilitabasamu tu. Hata kwenye vipindi vya mubashara, wenzangu walipozungumza, mimi niliandika majibu kwa kidole. Lakini mwisho wa kozi kulikuwa na kipindi kimoja kisichokubali maandishi. Kila mwanafunzi ataitwa kwa jina, atazungumza kwa sauti yake mwenyewe juu ya mada aliyopewa. Asiyekuwepo, au atakayenyamaza, atarudia kozi yote. Na mada yangu, wapendwa, ilikuwa hii: jinsi mtoto anavyoanza kuongea. Mungu ana mzaha wake!

Siku ikafika. Kipindi changu kilikuwa saa kumi. Tangu asubuhi nilikuwa nikisikiliza tena mihadhara yote iliyorekodiwa, mmoja ukiisha mwingine unaanza wenyewe. Mchana mbingu ya Kericho ikafanya ile tabia yake. Mvua ya mawe! Tukakimbia na vikapu kuelekea kwenye banda la mizani. Aproni yangu ilikuwa imechanika, mfuko unaingiza maji. Nikaichomoa simu kwenye waya wake nikaizika katikati ya majani kikapuni, mahali pakavu kuliko pote nilipopafahamu. Bandani kulikuwa na fujo, kila mtu analowa, karani anafoka tufanye haraka. Nikamwaga kikapu ndani ya gunia kama ninavyomwaga siku zote. Gunia likapimwa, likatundikwa kwenye ndoano ndani ya lori. Lori likaondoka.

Nilipotaka kuangalia saa, nilikuta waya peke yake unaning'inia shingoni.

Chebet akapiga namba yangu. Ikaita mpaka ikakatika.

"Inaita," akasema, "lakini nani atashika? Majani?" Kisha akaniona uso, akaacha utani. "Mama Brian, kiwanda iko tu hapo juu. Twende!"

Tukapanda kilima tukiteleza. Mawe ya mvua yalikuwa yametanda juu ya chai, vilima vyote vyeupe, na mvuke unapanda. Ningeweza kusema nilikuwa nimekwisha kufa na ninapita mahali pengine. Kiwandani kuna mashine zinazokatakata majani, na moyoni nilikuwa na maneno haya tu: Bwana, mashine za kukata. Bwana, mashine za kukata.

Kiwandani, kwenye ukumbi wa kunyausha, majani mabichi yanatandazwa juu ya vitanda virefu vya wavu. Feni kubwa hupuliza hewa kutoka chini. Siku hiyo feni za upande mmoja zilikuwa kimya. Wafanyakazi walikuwa wamesimama wamezunguka kitanda, kofia mkononi. Na kutoka ndani ya lile rundo la kijani, ndugu zangu, sauti ya mwalimu wangu, ile iliyorekodiwa, ilikuwa bado inafundisha!

"Mtoto husema," sauti ikasema, "kwa sababu kuna mtu anayemngoja aseme."

Nikalia. Mzee mmoja wa Kikipsigis, Mzee Koech, msimamizi wa vitanda vile, akanigeukia akanisalimu kwa lugha yake.

"Chamgei, mama. Hii ni majani yako inaongea?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mimi nimezima feni nisikie vizuri. Nikasema, leo chai imeokoka!"

Wakacheka wote. Akaingiza mkono kwenye majani taratibu, kama mtu anayetoa yai chini ya kuku, akanipa simu. Nikamwambia kwa kunong'ona kwamba nilidhani imekwishakatwa. Akashangaa.

"Hapana, mama. Hapa majani inalala kwanza. Hakuna kitu inakatwa ikiwa mbichi. Inalala, inalegea, halafu ndio inakuwa chai."

Saa kumi ilikuwa imefika. Nilipofungua kipindi, nikaitwa mara moja. "Yunuke, unatusikia?" Nikaliona kaburi la baba, nikaiona karatasi. Mzee Koech alikuwa na mkono juu ya swichi ya feni. Akauondoa.

"Sema tu, mama," akasema. "Feni itangoja."

Wapendwa, nilisema! Nilisimama kati ya vitanda vya majani yaliyolala, harufu yake mbichi imejaa ukumbi kama uvumba, na nikasema. Sauti ilitoka imekwaruza, ikatetemeka, kisha ikatembea. Nikaeleza mtoto anavyobwabwaja, na mama anavyomjibu kana kwamba ameelewa, mpaka siku moja anaelewa kweli. Nilipomaliza, Chebet aliniitikia "Amina" kubwa, na huko kwenye simu nikasikia mwalimu anacheka kwa furaha.

Mashine zimekuja shambani, kama tulivyoogopa. Mimi asubuhi naenda kwenye shule ya chekechea hapo chini ya kanisa, na watoto wananiita Ticha. Lakini hilo silo nililosimama kuwaambia. Nimesimama kumshukuru Mungu kwamba katika miaka yangu ya ukimya hakuwa amenitupa. Nilikuwa nimelala juu ya wavu wake, na pumzi yake ilikuwa inapita chini yangu.

Nakuona, ndugu uliye karibu na mlango. Nakuona, dada. Unadhani umekwisha. Mtegemee huyu Mungu anayengoja. Mimi sasa nanyamaza kwa ajili yako, na kanisa lote litanyamaza nami.

Feni zimezimwa. Sema.