Mpishi wa Mbwa Aliyesingiziwa Sumu

Jumatatu tarehe 3 Juni 2019 marehemu aliamka kabla ya mumewe, kama kawaida yake. Akapiga magoti jikoni, akaweka sikio kifuani pa Kijiko, mbwa wao mzee, aliyekuwa bado amelala.

"Mama watoto, huyo ana miaka kumi na miwili," mumewe akasema. "Unamsikiliza nini tena?"

"Nyamaza, unanivurugia hesabu."

Kisha akabandika chai. Ndiyo asubuhi yao ya mwisho ya kawaida.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi viatu, katika chumba cha nyuma ya duka la baba yake. Alisoma hadi darasa la nne, akaachishwa ili alee wadogo zake. Tarehe 20 Desemba 1970 aliolewa na seremala ambaye shule hakuiona hata mlango. Walijaliwa watoto watatu. Mmoja alitangulia.

Tangu 1988 alipika kwenye banda la mbwa wa ulinzi: sufuria mbili kubwa kila siku, na vizimba ishirini na viwili vya kuosha. Mbwa walimjua kwa mlio wa viatu vyake.

Mwaka 2007 mbwa wachanga wakaanza kufa. Mbwa wa miezi sita, wa miezi minane, jioni amekimbia uwanja mzima, asubuhi anakutwa amelala ubavu, amekwisha. Alipokufa wa tano, mwenye banda alimwita mbele ya walinzi.

"Chakula anapika nani?"

"Mimi, bosi. Lakini aliyekula sumu hutapika, hutupa miguu. Huyu hata gunia alilolalia halijakunjamana."

"Kumbe siku hizi wewe ni daktari!"

Walinzi wakacheka. Alifukuzwa siku hiyohiyo. Mtaani wakamwita Mama Sumu, na majirani wakaacha kula kwake.

Na hili lisemwe leo, maana mwenye kosa bado yu hai. Jioni ile mumewe naye alimuuliza, "Lakini sufuria uliisuuza vizuri?"  Siku tisa marehemu hakumsemesha.

Bandani alitoka na kitu kimoja tu, kitoto cha mbwa kilichotakiwa kutupwa kwa udogo wake. Ndiye Kijiko. Kila alfajiri alimsikiliza moyo, akihesabu kwa kugonga sakafu kwa kidole. Siku moja akasema, "Unapiga, unapiga, unajikwaa, halafu unakimbia kama unafukuzwa." Akambeba kwa miguu hadi kwa daktari wa mifugo.

Daktari akampima mezani. "Bibi, mbwa mzima huyu."

"Yuko macho, daktari. Msikilize akiwa amelala."

Daktari akamfunga Kijiko kifaa kidogo kifuani, kikakaa mchana na usiku. Majibu yakatoka: mapigo ya moyo yalikuwa yanaharibika usingizini. Ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, huua mbwa angali mchanga, bila dalili. Akivuka miaka miwili, mara nyingi hupona. Wale watano wote walikuwa watoto wa dume mmoja, na Kijiko pia. Sumu haikuwapo. Daktari aliandika barua mbili, moja kwa marehemu, moja kwa mwenye banda. Dume yule hakutumiwa tena kuzalisha, na vifo vikakoma. Lakini mwenye banda hakuja kusema neno. Leo amekuja, amekaa nyuma kule. Karibu, bosi.

Saa nne ya Jumatatu ile, marehemu akianika nguo, mkono wa kulia ulilegea, shuka likamponyoka. Kiharusi. Alilazwa siku nne, hakusema tena. Ijumaa tarehe 7 Juni, saa kumi na moja alfajiri, mumewe aliinama akaweka sikio kifuani pake. Akasikia. Kisha hakusikia.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, mdogo wake wa kike, na Kijiko, ambaye tangu Jumatatu ile analala mlangoni. Alale salama. Jina lake ni safi.

Siku barua ya daktari ilipofika, binti yao mkubwa aliisoma kwa sauti. Mumewe akaanza kuomba radhi. Marehemu akamshika kichwa, akakilaza taratibu kifuani pa Kijiko, akasema:

"Sikiliza kwanza, mzee, ndipo useme."